Shangazi, mke wangu ndiye mlengwa, mimi naitwa Baba Ruzuku

Shangazi, shikamoo. Kamwene.

Mimi ni baba wa watoto wanne, umri wangu miaka 44, mkulima wa mahindi na viazi katika kijiji kimoja cha Mufindi. Naomba kijiji usikitaje. Mtoto wa kwanza yuko kidato cha pili, wawili wako shule ya msingi, wa mwisho ana miaka mitatu. Shamba letu ni ekari moja na nusu. Mwaka ukiwa mzuri tunakodi na nusu nyingine.

Miaka minne iliyopita uliitishwa mkutano wa kijiji kutaja kaya za kuingizwa TASAF, mpango wa serikali wa kuzipa ruzuku kaya maskini. Nilikuwapo. Jina letu lilipotajwa watu wakaitikia "hao kweli kabisa" kwa sauti moja, kama vile walikuwa wanangoja kuulizwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Baadaye wakaja na dodoso, wakahesabu vyumba, wakauliza tunakula mara ngapi kwa siku, wakatazama paa la nyasi. Tukaingia. Lakini aliyeandikwa kupokea ni mama watoto. Kitambulisho kina picha yake.

Sisemi hela haijasaidia, nitakuwa mwongo. Tunapata 48,000 kila baada ya miezi miwili. Watoto wana sare na viatu. Mwaka juzi alikata CHF, ile bima ya mfuko wa afya ya jamii, kwa 30,000, na mdogo alipobanwa kifua tulimpeleka kituo cha afya bila kuuza debe la mahindi. Tuna nguruwe wawili, na watoto wanafuga simbilisi wao jikoni. Upande mmoja wa nyumba ni bati. Zamani ikifika Februari tunaishiwa, naenda kupalilia mashamba ya watu huku langu limemezwa na majani. Kuna mwaka nilichukua 40,000 kwa mfanyabiashara, Julai nikamlipa gunia mbili, na gunia wakati ule lilikuwa 45,000. Hayo yamepungua.

Tatizo langu ni jingine. Zamani nikirudi kibaruani na 5,000, nyumba nzima inanitazama mkono. Sasa hawanitazami. Wakitaka daftari wanasema "mama, daftari limeisha". Kilabuni wamenibatiza Baba Ruzuku. Nikiagiza lita moja ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kuna mmoja lazima aulize, "Umepewa ruhusa?" Na huwa nalipa kwa hela yangu ya kibarua cha mbao!

Mwezi uliopita alifariki mtoto wa baba yangu mkubwa. Nilimwomba mama watoto 30,000 ya rambirambi. Akasema hela yote ameshaiweka kwenye kikundi chao, iko ndani ya sanduku, na sanduku lina kufuli tatu. Nilikwenda msibani na 5,000, mbele ya ukoo mzima.

Sasa nikuambie nililolifanya. Siku ya malipo niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikachukua kitambulisho chake chini ya godoro, nikakichomeka kwenye gunia la mahindi ya mbegu. Alitafuta kila mahali, akainua hadi mkeka wa mtoto. Hakuniuliza. Wenzake walipopita kumwita akawaambia tangulieni. Ilipofika saa nne akafunga kitenge, akabeba mtoto mgongoni, akachukua jembe, akaenda kupalilia kwa kibarua kwenye shamba la mwalimu mmoja mstaafu. Jioni akarudi na 4,000, akaiweka mezani mbele yangu, akaenda kuwasha moto.

Usiku nilikirudisha kitambulisho, lakini wawezeshaji walishaondoka. Tangu siku hiyo ananipa chakula na ananiitikia salamu, basi.

Shangazi, nataka kwenda kwa mtendaji nimwombe jina libadilishwe, mimi ndiye niwe napokea. Mimi ndiye baba wa kaya. Kwa nini wanawaandika wanawake, wanadhani wanaume wote ni walevi? Na tunasikia kaya nyingine zimeambiwa zimehitimu, zitatolewa. Tukitolewa sisi itakuwaje?

Baba wa watoto wanne, Mufindi

*

Marahaba, baba. Kamwene nawe.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikukasirikia sana, sitakuficha. Mara ya pili nikasimama kwenye ile 4,000 ya mezani, na nadhani hukuielewa. Uliiona kama kibao cha usoni. Mama watoto alikuwa anakuonyesha Februari.

Rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Umesema zamani Februari mlikuwa mnapalilia mashamba ya watu huku lenu likimezwa na majani. Hapo ndipo umaskini wa huku kwetu ulipojificha, na mimi nimeukulia, mama yangu alikuwa akilima vipande vya watu upande wa Njombe mpaka mvua za Machi. Mahindi yanataka palizi wiki zile zile ambazo debe la ndani limeisha. Anayekosa unga leo anakwenda kulima kwa mwenye unga, anarudi na unga wa siku mbili, na shamba lake linangoja. Julai anavuna gunia nne pale ambapo jirani kavuna kumi, watu wanasema mvivu. Kumbe amelima kuliko wote, ila amelima kwa watu.

Sasa hesabu pamoja nami. Elfu arobaini na nane kwa siku 60 ni shilingi 800 kwa siku, na nyumbani mko sita. Haifiki hata robo kilo ya sukari na chumvi na kiberiti. Mpango huu wa kunusuru kaya maskini ulipoanza kusambaa nchini mwaka 2013, ruzuku ya msingi ilikuwa 10,000 kwa mwezi, na hata kaya yenye wanafunzi wengi haikuvuka 38,000. Hakuna mwanaume aliyepinduliwa na 800 kwa siku. Ukiona umepinduliwa, kiti chako kilishakuwa na mguu mbovu.

Lakini hela hiyo hiyo ndogo ina jambo moja ambalo kibarua chako hakina: inajulikana itakuja. Mama watoto akijua kuna malipo yanakuja, anaweza kumwambia mwenye duka "nitakulipa siku fulani" na mwenye duka akamwamini. Akiaminiwa unga wa wiki mbili, hakuna wa kwenda kupalilia kwa mwalimu. Mnapalilia kwenu. Wewe ulichukua 40,000 mwezi wa pili, ukalipa gunia mbili za 45,000 mwezi wa saba. Ni 90,000 hiyo! Yule mfanyabiashara alikula 50,000 yako kwa miezi mitano, zaidi ya malipo mazima ya TASAF, na kilabuni hakuna aliyekutungia jina. Kwa hiyo ukiniuliza ruzuku imenunua nini nyumbani kwako, viatu na bati nitavitaja mwisho. Imenunua siku zako za Februari. Wewe ndiye uliyerudishiwa shamba lako, na wewe ndiye umekwenda kuficha kitambulisho.

Tuje kwenye swali la jina. Umeuliza kwa nini wanawaandika wanawake, kama wanadhani wanaume wote ni walevi. Hapana. Hofu hiyo ya pombe imechunguzwa kweli. Watafiti wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuona kama hela za namna hii huishia kwenye pombe na sigara, na hawakuona unywaji ukiongezeka. Wala sina haja ya kukuhukumu kwa lita moja ya ulanzi unayoilipa kwa hela yako ya mbao, ukiacha kwamba ukinywa mkangafu, ule ulanzi uliochacha ukawa mkali, mchana, jioni nguruwe hawalishwi.

Sababu unaiona kwenye masharti yenyewe. Mtoto asipungue asilimia 80 ya mahudhurio shuleni, mdogo apelekwe kliniki kwa tarehe yake. Nani nyumbani kwako anajua daftari la nani limeisha? Nani alisimama foleni ya kliniki na yule wa miaka mitatu? Umejijibu mwenyewe uliposema watoto wanamwambia "mama, daftari limeisha". Kabla mpango haujaenea, TASAF waliujaribu kwanza mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Tathmini ilipofanyika, yaliyoonekana ni kama vile walipita kwako: watoto wenye viatu zaidi, kuku na mbuzi wameongezeka, kaya nyingi zaidi zimejiunga na mfuko wa afya ya jamii. Huko ni Pwani na Dodoma, kwa watu wa mtama na mihogo, wala hawakuambiana na mama watoto.

Ukienda kwa mtendaji atakuuliza, "Sababu ni nini? Mama anaitumia vibaya?" Utamjibu nini? Kwamba ameezeka nyumba? Usiende. Na wewe bado ndiye baba wa kaya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 bado inakudai wewe umtunze mke, haikukuvua kitu kwa sababu picha ya kwenye kitambulisho ina kilemba.

Hata hivyo kuna mahali una haki, na sitakupita hapo. Rambirambi. Mwanaume kwenda kwenye msiba wa ukoo na 5,000 huku kila mtu anajua nyumba yake inapokea, hilo linauma, na mama watoto angeweza kulipima vizuri zaidi. Ila sikia: sanduku la kufuli tatu halifunguliwi na mtu mmoja hata akitaka. Funguo ziko kwa watu watatu, na hufunguliwa mbele ya wanachama siku ya kikao. Alikuambia kweli. Jambo ambalo pengine hakulifikiria, au hamkuzungumza, ni kwamba vikundi vingi vya hisa, hivi vya kuweka na kukopa kama cha kwao, vina mfuko wa jamii pembeni kwa ajili ya misiba na ugonjwa. Unachangiwa kidogo kidogo kila kikao, mia mbili, mia tano, na mwanachama akipatwa anapewa bila riba. Muulize kama cha kwao kinao na kama msiba wa upande wako unahesabika. Kama hauhesabiki, aupeleke kwenye kikao, katiba ya kikundi wanaiandika wenyewe.

Na wewe je, hela ya mbao unaiweka wapi? Barua nzima umenihesabia za mama watoto hadi shilingi, za kwako umezitaja kwa lita ya ulanzi tu. Simaanishi unazimaliza. Namaanisha mama watoto naye hazijui. Nyumba ina mifuko miwili, mmoja unaonekana na kijiji kizima, mwingine uko kizani, halafu mwenye mfuko wa kizani ndiye anayelalamika hashirikishwi. Anza wewe. Kabla hujamwomba lolote, weka ya kwako mezani, pale pale alipoiweka ile 4,000. Sema nimepata kiasi hiki, naomba tupange. Usihutubie. Mwanamke aliyenyamaza hivyo hataki hotuba, na ukianza na "mimi kama baba wa kaya" utakula peke yako mpaka Pasaka.

Kitambulisho ni suala jingine. Ulichofanya kinaitwa kuwanyima watoto chakula, hata kama ulimkusudia mama yao. Mwombe radhi kwa jina la kitendo hicho, usiseme "kama nilikukosea". Kisha mwende wawili kwa Kamati ya Usimamizi ya Jamii ya kijiji chenu, mkaeleze kwamba hakufika siku ya malipo. Ukiulizwa kwa nini, sema wewe mwenyewe. Itakuwa dakika ngumu kuliko zote za kilabuni, najua, na mmoja wa kamati lazima ni binamu yako. Nenda hivyo hivyo.

Kuhusu kuhitimu, hofu yako ni ya haki, na hapa ndipo ningependa nguvu zenu ziende. Ruzuku si urithi, siku moja itakoma. Swali ni itawakuta na nini Februari hiyo. Nguruwe wawili ni wazuri, lakini usiwategemee kama benki. Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa wala chanjo ya kuaminika huku kwetu, ikiingia banda moja inafagia kitongoji. Wafungie, usiruhusu wazurure, usiwape makombo ya kitimoto, na mgeni mwenye nguruwe kwake asikanyage bandani. Wakifika uzito wa kuuza, uza mmoja.

Simbilisi waache waongezeke. Watu wanawacheka, lakini nyama ni nyama, na wanakula majani.

La maana zaidi ni tarehe ya kuvunja sanduku. Nina hakika kikundi cha mama watoto kinagawana Desemba, kama vingi vinavyofanya, ili watu wapate mchele na nguo za Krismasi. Sasa Desemba mahindi yenu yameshapandwa. Hela inakuja wakati mbolea ya kupandia imeshakosekana, inaliwa sikukuu, Februari mnaanza upya. Mwambie apeleke hoja: wagawane Oktoba, kabla ya mvua. Mbolea inunuliwe kwanza, kanga baadaye. Atapata wapinzani, maana Krismasi bila pilau huku ni kesi, lakini wakikubali hata nusu tu igawanywe Oktoba, utaona tofauti kwenye shamba lile lile la ekari moja na nusu. Na ukisikia kijiji chenu kina ajira za muda za TASAF, zile za barabara na vyanzo vya maji, angalieni zinaangukia miezi gani. Ukienda wewe, mama watoto apalilie. Akienda yeye, upalilie wewe. Msiende wote mkarudia kosa la kuacha shamba kwa majani.

Limebaki jina la Baba Ruzuku.

Agosti 2022, kwenye Nanenane pale Mbeya, Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea kwa wakulima. Msimu ule na iliyofuata, wanaume wa Mufindi walijiandikisha, wakapewa namba, wakasimama foleni kwa mawakala tangu asubuhi na simu mkononi, wenye ekari moja na wenye ekari 20. Sikusikia mmoja akitamani ardhi ipasuke. Walirudi na mifuko begani wakipiga mluzi. Hela ya serikali ilikuwa ni ile ile, tofauti ni kwamba hii ilibebwa na wanaume na ile ilifungwa kwenye ncha ya kitenge.

Kwa hiyo Jumamosi ukiwa kilabuni, yule bwana akikuuliza kama umepewa ruhusa, muulize mfuko wake wa mbolea ya DAP aliununua kwa bei gani.

Shangazi